Nyongo, jiwe na wanja: tulifungue neno kolesteroli

Shangazi yangu alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, sauti yake ina furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Mwanangu, kolesto imekwisha! Mara ya kwanza ilikuwa 213. Jana nimepima kwingine, wameniambia 5.5." Kwa miezi miwili alikuwa ameacha mayai, ameacha maji ya friji, na kila alfajiri alikunywa maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu "ya kuyeyusha mafuta kwenye mishipa". Sasa alitaka kujua jambo moja tu: anaweza kurudia yai lake la Jumapili?

Sikumjibu hapo hapo. Zile namba mbili nitazirudia mwishoni, kwa sababu haziwezi kueleweka kabla ya neno lenyewe kueleweka, na neno hili limewachanganya watu wengi kuliko shangazi yangu. Mtaani ni kolesto au kolestro. Kwenye vipeperushi vya afya Tanzania utakuta lehemu. Wengine wanasema tu "mafuta mabaya". Utasikia "fulani ana kolesto" kama inavyosemwa "fulani ana malaria", kana kwamba ni kitu kinachoingia mwilini kutoka nje na kinachotakiwa kufukuzwa chote.

Tuanze na maana. Kolesteroli ni kitu cheupe, laini kwa kukigusa kama nta, ambacho mwili wa kila binadamu, na wa wanyama wengi, unajitengenezea wenyewe. Hakiyeyuki kwenye maji. Kimo katika utando unaoizunguka kila seli ya mwili wako, kuanzia kisigino hadi ubongo. Hakuna mtu asiye na kolesteroli. Mtu wa namna hiyo asingezaliwa. Kinachopimwa hospitali ni kiasi chake ndani ya damu, na kinachomfanya daktari akunje uso ni wingi, si kuwepo.

Sasa jina. Limeundwa kwa vipande vitatu: kole, stero, oli. Viwili vya kwanza ni Kiyunani. Cha tatu kimeanzia Uarabuni, kikapita kwenye Kilatini cha Ulaya, kikarudi kwetu kwa njia ndefu.

Kole ni nyongo. Wayunani wa kale waliita nyongo *khole*. Nyongo tunaijua vizuri, maana aliyewahi kumchinja kuku na kumpasua anakumbuka onyo la mama jikoni: shika ini taratibu, usipasue kile kifuko cha kijani. Kikipasuka, tone moja linatosha kulichachusha ini lote kwa uchungu. Ndiyo maana jambo likiharibika tunasema limetumbukia nyongo. Maji yale ya kijani hutengenezwa na ini, yakahifadhiwa kwenye kifuko, kisha yakamiminwa ndani ya utumbo kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Yanafanya kazi kama sabuni kwenye sufuria yenye masalia ya mchuzi wa nyama: yanayavunja mafuta kuwa vitone vidogo ili yachanganyike na maji.

Kwa waganga wa Kiyunani nyongo ilikuwa jambo kubwa kuliko hilo. Wafuasi wa Hippocrates, na baadaye Galen katika karne ya 2, waliamini mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu ana afya. Moja likizidi, ugonjwa. Mtu mwenye huzuni ya kudumu alisemekana amezidiwa na nyongo nyeusi, na *melaina khole* ya Kiyunani ndiyo iliyozaa neno melankolia linalotumika mpaka leo kwa huzuni ya aina hiyo. Jina la kimataifa la kipindupindu, kolera, nalo limehusishwa na nyongo hiyo hiyo tangu zamani.

Na hapa kuna jambo ambalo wasemaji wengi wa Kiswahili hawalijui. Mafundisho hayo ya majimaji manne yalishafika kwetu kabla ya daktari yeyote wa Kizungu. Vitabu vya Galen vilitafsiriwa Baghdad katika karne ya 9, na mtafsiri mkuu akiwa Hunayn ibn Ishaq. Kutoka Kiarabu yakaenea popote lugha hiyo ilipofika, pamoja na pwani yetu. Mtu wa Pwani anapokohoa na kusema ana balghamu, anatamka neno la Kiyunani *phlegma* lililopita mdomo wa Mwarabu. Na safura, jina la ule ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo, linatokana na *safra* ya Kiarabu, yaani unjano, jina lile lile ililopewa nyongo ya njano katika vitabu vya tiba. Kwa hiyo anayedhani maneno ya sayansi ya Kiyunani ni mageni kabisa kwa Kiswahili, kifua chake chenye balghamu kinamjibu.

Walatini nao walikuwa na jina lao la nyongo, *bilis*. Hilo halikuingia kwenye kolesteroli, lakini liliingia kwa jirani yake, bilirubini: *bilis*, nyongo, na *ruber*, nyekundu. Bilirubini ni rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na ndiyo inayomfanya mtoto mchanga awe na umanjano wa macho na ngozi. Ukikuta neno la tiba lenye kole na lingine lenye bili, mara nyingi yote mawili yanazungumzia kile kifuko cha kijani cha kuku.

Tuje kwenye stero. *Stereos* kwa Kiyunani ni kitu kigumu, kilichoshikamana, kisicho majimaji. Ndilo neno lile lile lililomo kwenye redio ya stereo, kwa sababu waliobuni sauti ile walitaka kusema ni sauti iliyojaa, yenye umbo, si bapa. Kwa hiyo kole na stero pamoja ni "nyongo ngumu". Kwa nini ngumu, wakati nyongo ni maji?

Kwa sababu kitu hiki hakikugunduliwa kwenye damu wala kwenye yai. Kiligunduliwa kwenye mawe. Kifuko cha nyongo cha binadamu wakati mwingine hufanya vijiwe, vingine vidogo kama punje za mtama, vingine vikubwa kama kunazi. Katika karne ya 18 Mfaransa François Poulletier de la Salle alivichukua vijiwe hivyo na kupata ndani yake kitu cheupe chenye fuwele zinazong'aa. Mwaka 1815 mwanakemia mwingine wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, akakipa jina: kolesterini. Nyongo ngumu. Alikuwa anataja alichokiona mezani, hakuna zaidi.

Chevreul ni mtu wa kusimama naye kidogo. Alizaliwa mwaka 1786, akafa mwaka 1889 akiwa amepita miaka 100, na sehemu kubwa ya ujana wake aliitumia kuchunguza mafuta na sabuni. Wanaotengeneza sabuni ya mche nyumbani wanajua siri yake: unachukua mafuta, iwe ya mawese au ya nazi, unachanganya na kostiki soda, na mafuta yanageuka sabuni. Chevreul ndiye aliyeeleza kinachotokea ndani ya sufuria ile. Mafuta yanavunjika, sehemu moja inakuwa sabuni, nyingine inabaki kuwa kimiminika kitamu ambacho yeye alikiita glisirini, kutoka neno la Kiyunani la utamu. Ni ile ile glisirini tunayojipaka miguu inapopasuka wakati wa kipupwe.

Basi alikichukua kile kitu cheupe cha mawe ya nyongo akakichemsha na alkali vile vile. Hakikugeuka sabuni. Akatoa alichoweka, kama alivyokiweka. Jaribio hilo moja lilimwonyesha kwamba, ingawa kinateleza kama mafuta na kinakataa maji kama mafuta, hiki si mafuta ya kawaida. Ni kitu cha ukoo mwingine. Zaidi ya miaka 200 imepita, na sisi bado tunakiita mafuta. Naona hapa ndipo penye mzizi wa mkanganyiko wote wa shangazi, na wa wengi wetu.

Kipande cha tatu ni oli. Hiki hakina uhusiano na mafuta ya petroli wala ya injini. Ni mkia wa neno alkoholi. Mwaka 1859 Marcellin Berthelot, naye Mfaransa, alionyesha kwamba kolesterini ina tabia za kikemia za kundi linaloitwa alkoholi, na ndipo polepole -ini ikaacha nafasi kwa -oli. Kwa Wajerumani jina la zamani halikufa, mpaka leo wengi wanasema Cholesterin. Glisirini nayo ilipata jina la pili kwa njia hiyo hiyo: gliseroli. Mentoli ya peremende na retinoli ya vitamini A zina mkia huo huo.

Na alkoholi yenyewe? Ni *al-kuhl*, wanja. Wanja wa manga, ule unga mweusi laini kabisa ambao mabibi wa Pwani hupaka machoni. Wanakemia wa Ulaya walilichukua neno hilo kwa Kilatini wakaliita unga wowote uliosagwa sana, kisha kiini chochote kilichochujwa kwa mvuke, na mwisho kile kiini cha mvinyo. Leo kwa mwanakemia alkoholi ni familia kubwa ya vitu vinavyofanana kwa kiungo kimoja tu, chembe ya oksijeni iliyoshikana na ya haidrojeni. Kilevi ni mmoja wa familia hiyo. Kolesteroli haileweshi, haitoki kwenye pombe, na asiyekunywa maisha yake yote anayo sawa na mwingine.

Nyongo, ugumu, wanja. Jina zima halisemi lolote kuhusu moyo, damu wala mishipa. Linasema mahali kitu kilipookotwa mara ya kwanza. Ni kama mtoto aliyezaliwa safarini akaitwa Safari: ukilisikia jina unajua mama yake alikuwa wapi siku ile, hujui mtoto amekuwa mtu gani.

Na huyu amekuwa mtu wa kazi nyingi. Mwaka 1833 alionekana kwenye damu ya binadamu. Baadaye akaonekana kila mahali: kwenye ubongo, kwenye maziwa ya mama, kwenye kiini cha yai. Jua linapopiga ngozi, ndugu wa karibu sana wa kolesteroli anageuzwa kuwa vitamini D. Homoni za uzazi hutengenezwa kutoka kwake, na testosteroni bado imebeba kile kipande cha stero katikati ya jina. Kotisoli, homoni ya mwili unapokuwa katika msukosuko, nayo hutoka humo humo, ila jina lake ni la Kilatini: *cortex*, gome la mti, kwa sababu hutengenezwa kwenye tabaka la nje la tezi iliyo juu ya figo. Hata steroidi, zile zinazotajwa kwenye michezo na kwenye krimu za kujichubua, ni ukoo huu.

Ndiyo maana sioni neno lehemu kuwa baya. Lehemu ni ile risasi anayoiyeyusha fundi redio kuunganisha waya. Wengi wakilisikia wanaona kitu kilichong'ang'ania ndani ya mshipa. Lakini kolesteroli kwenye utando wa seli kweli inakaa katikati ya chembe za mafuta na kuzishikiza zisilegee. Hiyo nayo ni kulehemu.

Tatizo linaanzia kwenye usafiri. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na kolesteroli haichanganyiki na maji. Huwezi kumwaga mafuta ya taa baharini pale Tanga ukategemea yafike Pemba. Unahitaji chombo. Ini linapakia kolesteroli kwenye vijahazi vidogo mno vinavyoitwa lipoproteini, *lipos* ikiwa mafuta kwa Kiyunani na proteini ikitokana na *protos*, cha kwanza, jina lililotolewa mwaka 1838 na watu walioamini wamekipata kiini cha kwanza cha uhai. Vijahazi vya LDL vinatoka na mzigo kuupeleka mwilini. Vya HDL vinakusanya ziada na kuirudisha kwenye ini. Hao ndio wanaoitwa "kolesteroli mbaya" na "kolesteroli nzuri". Mzigo ni ule ule mmoja. Tofauti ni chombo na kinakoelekea.

Mwaka 1985 Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kolesteroli, na kubwa lao lilikuwa kugundua magati yake: sehemu kwenye seli, hasa za ini, ambapo kijahazi cha LDL hutia nanga na kushusha. Wapo watu wanaozaliwa na magati machache. Vyombo vyao vinazunguka baharini bila pa kushusha, na LDL yao iko juu tangu utotoni, hata wawe wembamba kama ufito na wale mchicha kila siku. Kwa hiyo ile imani kwamba kolesteroli ni ugonjwa wa wanene na wenye pesa haina msingi. Mwembamba naye apime.

Vijahazi vya LDL vikizidi kwa miaka mingi, vingine hupenya ndani ya ukuta wa mshipa na kukwama humo. Narudia, ndani ya ukuta. Picha tuliyozoea ni ya bomba la jikoni lililoziba kwa mafuta yaliyoganda, na picha hiyo inadanganya. Kinachotokea ni kama rangi ya nyumba inayofura kwa unyevu uliojipenyeza nyuma yake. Chini ya ngozi laini ya mshipa unajikusanya ute mzito, na walioupasua zamani waliufananisha na kitu walichokijua: uji. *Athere* kwa Kiyunani ni uji, na ndiyo kisa cha jina ateroma. Mwaka 1904 Mjerumani Felix Marchand akaunganisha uji huo na *sklerosis*, kukakamaa, akapata aterosklerosisi: uji ndani, ugumu nje. Uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake, na hapo ndipo moyo au ubongo unapokosa damu ghafla.

Ukishaiona picha ya uji ndani ya ukuta, ndimu inakosa kazi. Maji ya moto hayafiki huko yakiwa ya moto. Mwili unakaa kwenye nyuzi 37 hivi, uwe umekunywa chai au barafu. Na kolesteroli tupu huyeyuka karibu nyuzi 148. Maji baridi nayo hayagandishi kitu, kwani yanapashwa joto tumboni kabla ya kwenda popote. Dawa za jamii ya statini wanazoandikiwa wagonjwa haziyeyushi uji. Zinapunguza kasi ya ini kutengeneza kolesteroli, na ini likipungukiwa linajenga magati zaidi ya kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Anayeziacha kwa sababu amepata ndimu anabadilishana kitu na si kitu, na hilo linaniuma kila ninapolisikia.

Jambo la kugandishwa lina ukweli wake, ila mahali pengine. Weka chupa ya mafuta ya nazi dirishani Arusha mwezi wa saba: asubuhi utayakuta meupe, yamekakamaa, kwa sababu huganda yanaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hayana kolesteroli hata kidogo ya kuhesabika. Kuganda kule ni tabia ya aina ya mafuta yanayoitwa mafuta yaliyoshiba, na mafuta hayo, yakizidi kwenye chakula, ndiyo yanayopandisha LDL kwa watu wengi kuliko kolesteroli inayoliwa moja kwa moja. Sasa tazama chupa dukani iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli. Ni kweli. Mafuta yoyote ya mimea, ya alizeti, pamba, nazi au mawese, hayana, kwa kuwa kolesteroli ni ya wanyama. Lakini maandishi hayo hayakwambii alizeti ni tofauti na mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Geuza chupa, soma nyuma.

Yai la shangazi? Kiini cha yai moja kubwa kina kolesteroli ya takriban miligramu 200, na si kidogo. Lakini sehemu kubwa ya iliyomo mwilini inatengenezwa na mwili, na kwa watu wengi ini hupunguza utengenezaji wake ukila zaidi. Mtu mwenye kisukari, au mwenye LDL ya kurithi, aulize daktari wake. Kwa wengine wengi, kinachokaangia yai kina uzito kuliko yai.

Nikampigia shangazi jioni. Nilimwomba achukue zile karatasi mbili na miwani yake. "Kwenye ile ya kwanza, mbele ya 213, pameandikwa nini?"

Akasoma herufi moja moja: mg/dL.

"Na hii ya jana, mbele ya 5.5?"

"Mmol... kwa L."

Nikamweleza kwamba ile ya kwanza imepima uzito, miligramu ndani ya sehemu ya kumi ya lita. Ya pili imehesabu wingi wa chembe kwa lita nzima. Ni kama kuuliza mahindi yako mangapi, mmoja akakujibu kwa kilo na mwingine kwa magunia. Ukitaka kutoka namba ya pili kwenda ya kwanza, kwa kolesteroli, unazidisha kwa 38.67. Nikamwomba afungue kikokotoo kwenye simu.

Akakaa kimya akibonyeza. "Mia mbili kumi na mbili, nukta sita..."

"Ambayo ni karibu 213, shangazi."

Kimya kingine, kirefu zaidi. Nilisikia karatasi zikikunjuliwa. Kisha akasema, "Haya. Hapa chini kuna mstari mwingine, umeandikwa LDL. Subiri nikusomee na huo."